Mtu Atakiona

Kisilu alikataa kukaa. Inspekta Kalekye alimsukumia kile kiti cha mbao chenye mguu mmoja mfupi, kiti ambacho washukiwa hupewa ili wayumbe wanapodanganya, naye akakitazama tu.

"Nitasimama, madam. Nimekaa kwa seli vya kutosha."

"Simama basi. Niambie tena ulichosema pale kiwandani."

"Si mmeandika?"

"Nataka nikisikie kwa mdomo wako."

"Nilisema mtu atakiona." Kisilu aliinua kidevu. "Nilisema mbele ya watu wote na nitasema tena. Hata kwa hakimu nitasema."

Pembeni, Koplo Shee aliacha kupiga taipu. Yeye ndiye aliyeandika maelezo ya mashahidi, na uso wake ulionyesha kwamba kwake kazi ilikuwa imekwisha. "Unamsikia, afande? Hata kujuta hajuti."

Kalekye alimsikia. Asichokipenda ni jinsi kesi hii ilivyomfikia ikiwa imepikwa, imepakuliwa na kijiko kimewekwa kando. Jumanne ya wiki ile, katika kiwanda kimoja cha Mavoko kinachochora majina na namba kwenye vibao vya chuma kwa mwanga wa leza, fundi mmoja aitwaye Linet alipigwa na mwanga huo kwenye jicho la kulia. Daktari alisema jicho halitarudi. Kufikia Jumatano, meneja wa kiwanda, Bartholomew Wathome, alikuwa amekwisha kumpata mkosaji. Ni Kisilu, fundi wa kutengeneza mashine, ambaye alikuwa ametoka Ndithini kumzika mama yake, akiwa na hasira kwa kunyimwa ruhusa ya kutosha. Eti aliporudi tu kazini aliizungusha swichi ya nguvu ikapita mstari mwekundu, makusudi, ili mtu aumie. Na mashahidi walimsikia uani akisema, mtu atakiona. Jumatatu angefikishwa mahakamani kwa kujeruhi kwa kukusudia, kosa ambalo mtu huweza kulizeekea gerezani.

"Nani huyo atakayekiona?" Kalekye aliuliza. "Na ataona nini?"

"Ataona Kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu, madam. Ndiyo jina yake." Kisilu alivuta pumzi kama mtu aliyechoka kueleza. "Ile mashine inachora na mapigo madogo madogo, tik tik tik, yote sawa. Halafu mara moja moja, hujui saa ngapi, inatoa moja kubwa. Paa! Unasikia mpaka kwa meno. Sisi kule kazini tunaita hiyo Kitu. Mtu anasema, leo Kitu kimetoka. Sasa mimi nikamwambia Bwana Wathome, kuna Kitu kwa hii mashine, punguza nguvu, siku moja mtu atakiona. Kwa macho. Na Linet amekiona."

Kalekye alimgeukia koplo wake.

"Shee, wewe ulilielewaje neno hilo?"

"Kama linavyoeleweka, afande. Kwetu Lamu mtu akikwambia utakiona, unatafuta njia ya kwenu upesi."

"Na kwao Ndithini?"

Shee alirudi kuyapitia maelezo aliyoyaandika. Hilo hakuwa ameliuliza.

"Na hicho Kitu kinaletwa na nini?" Kalekye alimrudia Kisilu.

"Ni stima. Umeme wa huko unaruka kama mbuzi." Alilisema hilo kwa uhakika uleule aliosemea mengine yote. "Lakini nani ananisikiza? OCS amekuja asubuhi, ananiambia nisaini kwamba ilikuwa uzembe, nitoke kwa bondi leo leo. Nimekataa. Mkono ni yangu. Kama ni kunifunga, wanifunge nikiwa nimesema ukweli."

Kalekye alimpenda hapo, na akajikanya. Mpelelezi hapaswi kumpenda mshukiwa kabla ya kuona ushahidi. Alitoka nje na kumkuta OCS Kimeu, mkuu wa kituo, kwenye ujia, mikono mgongoni.

"Kalekye, hiyo faili iende kortini Jumatatu. Wathome ni mtu anayejulikana, usituletee maneno."

"Itaenda, afande."

"Vile ilivyo."

"Leo ni Ijumaa, afande," alisema Kalekye, akampita.

*

Mavoko ilikuwa na vumbi lake la kawaida la saruji, limetanda juu ya mabati, juu ya magari, juu ya majani ya miti michache iliyobaki. Ndani ya kiwanda vumbi lilikuwa vilevile, isipokuwa mahali pamoja. Chini ya meza ya mashine ya leza sakafu ilikuwa imefagiliwa ikang'aa, na pipa la vibao vilivyoharibika lilikuwa tupu, limeoshwa hata kwa sabuni. Kalekye aliinama akalinusa. Tangu lini pipa la taka likaogeshwa?

"Vibao vibovu viko wapi, Bwana Wathome?"

"Vimeuzwa skrepa." Wathome alikuwa mtu mnene wa sauti laini, amevaa koti jeupe lenye kalamu nne mfukoni. "Jumatano. Sisi tunapenda usafi, madam."

"Na vizuri?"

"Vimeenda kwa mteja. Vimeshavuka mpaka. Biashara haingoji polisi."

Kalekye hakuwa amekuja na Shee peke yake. Alimleta Daktari Munyiva, mwanamke wa Kangundo anayefundisha fizikia chuo kikuu huko Nairobi, na ambaye mambo ya leza ndiyo yaliyompa shahada. Munyiva alikuwa mfupi, mwenye haraka, na hakumsalimia Wathome kwa mkono kwa sababu mikono yake ilikuwa tayari ndani ya mashine.

"Madam Daktari, usijichoshe," alisema Wathome. Aliinua kifaa chenye kioo na sindano. "Hii ni mita. Inapima nguvu ya mwanga unaotoka. Tangu tununue hii mashine sindano haijapita hapa, unaona? Hapa ni salama. Kama kuna mwanga mkubwa umetoka, mita ingesema."

"Hiyo mita inasoma wastani," Munyiva alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, na wastani ni salama."

"Bwana, chukua mvua yote ya Machakos ya mwaka mzima, uigawe kwa siku. Utasema kwetu kunanyunyiza kidogo kila asubuhi. Sasa nenda umwambie hivyo mtu aliyesombwa na mto akivuka mchanga mkavu."

Shee alicheka, kisha akakumbuka yuko kazini.

Kalekye aliuliza kuhusu stima. Alikuwa amelibeba wazo la Kisilu njia nzima, na alitaka liwe kweli. Munyiva alimwonyesha sanduku la kutuliza umeme lililofungwa ukutani. Sindano yake ilisimama mahali pamoja hata mashine ya kukata chuma ilipowashwa upande wa pili.

"Huyo fundi wako amekosea hapo," alisema Munyiva. "Stima inaweza kutulia kama maji ya mtungi, na hii mashine bado ikajivuruga yenyewe. Sikiliza. Ndani kuna fuwele, jiwe safi kama kioo. Taa inalijaza nguvu. Mbele yake kuna kizibo kinachozuia mwanga mpaka ujae, halafu kinafunguka, linatoka pigo moja. Chini ya huu mstari mwekundu, jiwe linajaa, linamwaga, linajaa, linamwaga. Kila pigo ni pacha wa mwenzake. Ukipita mstari, halimwagi lote. Linabaki na kidogo, na hicho kidogo kinaharibu pigo linalofuata, nalo linaharibu la tatu. Mwisho hakuna pigo linalofanana na jingine. Mengi yanakuwa madogo, ndiyo maana wastani haupandi sana. Na mara moja moja linatoka jitu."

"Linatoka kwa bahati mbaya?"

"Hapana. Kila pigo linazaliwa na lile lililolitangulia, kwa kanuni. Ila hakuna binadamu atakayekwambia jitu litatoka saa ngapi."

"Na miwani ya kukinga?"

"Imetengenezwa kwa mapigo ya kawaida. Jitu linapita."

Wathome alikunja mikono. "Maneno ya darasani."

"Basi tutoke darasani," alisema Kalekye.

Munyiva alifunga kibao cha chuma chini ya mashine, akaweka swichi chini ya mstari mwekundu, na wote wakatoka nje ya chumba na kufunga mlango. Mashine ikaanza. Ilikuwa sauti ndogo ya kudonoa, iliyolingana kama cherehani ya fundi mzuri. Ilipokwisha aliingia akabadilisha kibao, akaisogeza swichi juu ya mstari kidogo tu, akatoka. Safari hii mdundo ulikuwa wa kilevi, unaharakisha, unasita, unaharakisha. Wafanyakazi waliokuwa kwenye mashine ya kukata waliacha kazi bila kuambiwa. Kalekye alianza kudhani hapatatokea lolote.

Paa!

Aliruka. Nyuma yake mfanyakazi mmoja, mama wa makamo mwenye leso kichwani, alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Kitu kimetoka."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Koplo Shee aligeuka akamtazama yule mama, kisha akaitazama kofia yake mwenyewe aliyokuwa ameishika mkononi.

Vibao viwili viliwekwa mezani chini ya kioo cha kukuzia. Kwenye cha kwanza herufi zilikuwa mistari ya vitone vilivyolingana kama mshono. Kwenye cha pili vitone vilikuwa hafifu na vya kuyumbayumba, na katikati ya herufi moja palikuwa na tundu lenye ukingo uliovimba, ambalo hata kidole kililihisi.

"Tundu kama hili linaweza kutokea swichi ikiwa chini ya mstari?" Kalekye aliuliza.

"Haliwezi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Ukiliona tundu hili, jua mstari ulivukwa."

Kalekye alimgeukia Wathome, na sauti yake ikawa ya upole. Waliomfahamu wangeanza kuogopa hapo. "Kwa hiyo ni kweli usemavyo. Mtu alipitisha swichi. Nani?"

"Nimesema. Kisilu, alipotoka matanga."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo swichi haijawahi kupita mstari. Mimi mwenyewe nakagua."

"Hata wakati Kisilu alipokuwa Ndithini kwa mazishi?"

"Hasa wakati huo. Mashine ilikuwa na amani. Andika, madam, mimi sina la kuficha."

Shee aliandika. Wathome alisaini kwa mojawapo ya zile kalamu nne, akiwa na haraka ya mtu anayefunga mlango. Pipa lilikuwa tupu na vibao vilikuwa vimevuka mpaka, na yeye alilijua hilo kuliko wote.

*

Linet alikuwa kitandani, hospitalini Machakos, bandeji imefunika nusu ya uso. Alikuwa msichana wa Kakamega aliyekuja Mavoko kutafuta kazi na kuipata, na hakuwa akilia. Alikuwa na hasira, na hasira ilimfaa.

"Kama mmekuja na ile karatasi tena, mrudi nayo," alisema kabla hawajakaa.

"Karatasi gani?"

"Ya Wathome. Ati nisaini nilikuwa nimetoa miwani. Nikawaambia waisome kwa sauti, kwa sababu mimi sioni vizuri. Wakaanza, wakafika katikati, wakashindwa kuendelea. Niko na jicho moja, madam, si nusu ya akili."

"Kwa hiyo miwani ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo. Na Kisilu hakunifanya kitu. Mkimfunga, nitakuja kortini hivi hivi na bandeji, nipige kelele."

"Wathome anasema Kisilu alikuwa na chuki."

"Na mimi? Chuki ya nini?" Linet aliinuka kwa kiwiko. "Mama yake alipokufa sisi tulichanga chai na sukari. Hata kibao cha msalaba wa mama yake nilichora mimi. Nilimuuliza mama wa leso, kwa Kikamba mama mnaandikaje, akaniambia andika Mwaitu. Nikachora, Mwaitu Nthambi. Tukampelekea huko kwao na gari ya mizigo."

Kalekye alifungua daftari. "Ulikichora lini?"

"Wiki ile yeye alikuwa kwao anangoja mazishi."

"Kwa mashine ileile?"

"Si tuko na moja tu?"

"Kitu kilitoka ulipokuwa ukikichora?"

Linet alifikiri, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua. "Siwezi kudanganya. Wiki hiyo kilitoka mara nyingi. Kama kilitoka kwa jina la mama ya mtu, sikumbuki. Ningekuwa nimeona ningerudia." Kisha akakaza sauti tena. "Enda uangalie."

Huko ndiko walikokwenda asubuhi iliyofuata. Kalekye hakulala vizuri, kwani alijua hesabu yake ilisimama juu ya kibao kimoja. Kama kilikuwa safi, maneno ya Wathome yangesimama, na Kisilu angeingia kizimbani akiwa na neno moja tu la kumtetea, neno ambalo kila Mswahili angelisikia vibaya.

*

Walipita Matuu, wakaacha lami, na Land Rover ikawatikisa mpaka Ndithini. Mzee Ndunda, baba yake Kisilu, aliwapokea uani akiwa ameshika jembe. Aliwasalimu, akasikiliza sababu ya safari, na uso wake ukakunjamana.

"Mmenichukulia kijana. Sasa mnataka na jina la mama yake?"

"Tunataka kulitazama tu, mzee."

"Hata yule wa juzi alianza hivyo hivyo."

Kalekye alimtazama Shee. "Yupi wa juzi, mzee?"

"Alikuja Alhamisi na gari ya kampuni. Ati ametumwa na Bwana Wathome. Alikuwa na kibao kipya cha shaba, kinang'aa, ati cha heshima ya marehemu, ati nimpe hiki cha zamani." Mzee alisimika jembe ardhini. "Nikamuuliza, heshima gani hii? Kijana wangu mko naye ndani, mimi mnaniletea shaba? Nikamwambia arudi na shaba yake kabla sijafungua mbwa. Na nyinyi pia naweza kuwaambia hivyo."

"Uko na haki ya kutuambia," alisema Kalekye. "Lakini mzee, huyo mtu alitoka Mavoko mpaka hapa kwa sababu ya hicho kibao. Mtu hasafiri hivyo kwa ajili ya heshima. Kuna kitu hapo anachokiogopa. Nikikiona, pengine kijana wako analala hapa wiki ijayo."

Mzee aling'oa jembe lake ardhini. Kisha akatangulia.

Kaburi lilikuwa upande wa chini wa shamba, karibu na mbaazi, udongo wake ukiwa bado mwekundu. Msalaba ulikuwa wa mbao, na kibao kilishikiliwa kwa skrubu pembe nne. MWAITU NTHAMBI NDUNDA. Chini yake, siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Kalekye alisimama kimya kidogo kwa ajili ya mwenye kaburi, na Shee akavua kofia. Halafu Kalekye alipiga magoti na kutoa kioo cha kukuzia alichoazimwa na Daktari Munyiva.

Alianza na M. Vitone vilikuwa hafifu, lakini uhafifu si ushahidi, na jua na vumbi vingeweza kulaumiwa. W, hakuna. A, hakuna. Alikwenda hivyo herufi baada ya herufi, jasho likimwingia machoni, mpaka mwisho wa jina la kwanza, bila tundu lolote.

"Unatafuta nini?" Mzee aliuliza.

"Tundu dogo."

"Kwa nini hukusema?" Mzee Ndunda aliinama kwa shida, akapitisha kidole gumba juu ya kibao bila hata kutazama, kama mtu anayetafuta mahali alipopazoea. Kidole kilivuka Nthambi, kikaingia Ndunda, kikasimama. "Hapa. Mimi macho si mazuri, lakini nakifuta hiki kibao kila asubuhi. Hapa kinakwaruza. Nilidhani msichana aliteleza. Mke wangu angecheka, kwa sababu amechorewa jina lake sawa sawa na la kwangu ndilo limetobolewa."

Kalekye aliweka kioo. Kwenye D ya kwanza ya Ndunda palikuwa na tundu lenye ukingo uliovimba, pacha wa lile la jana. Alisogeza kioo, akapata jingine mwanzoni mwa tarehe, dogo kidogo, limejificha ndani ya tarakimu.

Alimwita Shee. Shee alitazama, akatazama tena.

"Kisilu alikuwa hapa," alisema polepole, akijihesabia. "Mama yake hajazikwa, yeye yuko nyumbani. Mashine iko Mavoko, na mstari umevukwa. Na Wathome amesaini kwamba haukuvukwa."

"Na Alhamisi akatuma gari," alisema Kalekye. "Kabla hata mimi sijajua kuna msalaba. Jana alisaini akidhani sitajua kamwe."

"Afande, yale maelezo niliyoandika ya wale mashahidi." Shee hakumtazama. "Nitarudi kwao. Niliandika neno walilosema, sikuuliza linamaanisha nini. Nilijiona najua Kiswahili."

"Unakijua. Utarudi, na safari hii uandike Kitu kwa herufi kubwa."

Kalekye alipiga picha kibao kwenye msalaba, kwa mbali na kwa karibu, na Shee na mzee wakatia saini kama mashahidi. Ikabaki kazi aliyoiogopa. Alitoa mfuko wa vielelezo, na kabla hajasema neno mzee akatikisa kichwa.

"Hapana."

"Mzee, bila kibao hakimu atakuwa na picha tu. Wakili wa Wathome ataniuliza kibao chenyewe kiko wapi."

"Nimesema hapana. Mke wangu hawezi kubaki bila jina, eti lipo kwenye mfuko wa polisi." Alipapasa mfukoni, akatoa kisu kidogo, akaingiza ncha kwenye skrubu ya kwanza na kuanza kuzungusha. Hakukubali kusaidiwa. "Hamkichukui nyinyi. Nakileta mimi. Nitakishika hapa kwa magoti mpaka Machakos, na Jumatatu nitasimama huko kortini nimwonyeshe hakimu kwa kidole. Kama wanataka kukipokonya, wampokonye mume wa mwenyewe, watu wakiona."

Katika miaka yote ya kazi Kalekye hakuwa amewahi kuruhusu kielelezo kisafiri hivyo. "Koplo atakaa kando yako njia nzima," alisema. "Asikiache hata ukisinzia."

"Mimi sisinzii."

Skrubu ya mwisho ilipotoka, mzee alikifunga kibao kwa leso ya mkewe, akaugusa msalaba uliobaki mtupu, na kuuambia kwa Kikamba maneno machache ambayo Kalekye aliyaelewa na kuyaacha pale pale.

Simu haikuwa na mtandao mpaka walipofika kwenye kilima cha shule. Ilipopata, ililia papo hapo. Alikuwa OCS Kimeu, na alikuwa akifoka.

"Kalekye! Nani amekupa ruhusa ya kwenda Ndithini? Wathome amenipigia, analalamika unasumbua watu makaburini!"

"Amejuaje niko makaburini, afande?"

Kalekye alitazama kioo cha nyuma. Kwenye kiti cha nyuma Mzee Ndunda alikuwa amekumbatia leso kwa mikono miwili, na Shee alikuwa amemkazia macho kama askari wa benki.

"Umeona nini huko?" OCS aliuliza, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Kitu, afande. Nimekiona kwa macho yangu."

"Na Wathome nimwambie nini?"

Kalekye alitia gia, na Land Rover ikaanza kuteremka kuelekea Machakos.

"Mwambie naye atakiona."